Maswali ya wasomaji: usaha, kelele za grainda na baba anayesikia "i-a" tu

Mwezi uliopita niligusia Siku ya Usikivu Duniani, ile ya tarehe 3 Machi, nikaomba mwenye swali la masikio aniandikie. Zimekuja meseji, barua na sauti za kurekodi kutoka Ngarenaro, Unga Limited, Pasua, Kibosho mpaka Mererani, na karibu zote zinafanana kwa jambo moja, mtu amekaa na tatizo mwaka au miwili na hajamwambia yeyote kwa sababu sikio haliumi. Nimefanya uuguzi kwenye chumba cha masikio, pua na koo kwa miaka mingi na hiki ndicho kinaniumiza kuliko vyote, jicho likififia mtu anatafuta miwani, sikio likififia anaongeza sauti ya redio alafu maisha yanaendelea. Nimejibu nilizoweza, majina nimeyaacha.

Naanza na hii fupi kwa sababu haikutakiwa kusubiri gazeti, tulimpigia mwenyewe siku hiyohiyo ilipofika.

SWALI: Habari dada. Mimi ni mwalimu, Sakina. Jumatatu nimeamka sikio la kushoto kama limezibwa na maji, sisikii kitu upande huo na kichwa kinazunguka kidogo. Hakuna maumivu. Duka la dawa wamenipa dawa ya mafua na matone ya kulainisha nta. Leo Alhamisi bado. Niendelee na dozi au nisubiri wiki iishe?

JIBU: Usisubiri hata kesho, mwalimu. Sikio moja likikata kusikia ghafla, ndani ya siku moja mpaka tatu, bila kuumia, hiyo ni dharura kama dharura zingine, ila kwa kuwa hakuna damu wala maumivu watu wanaichukulia mafua. Inaweza kuwa nta kweli, lakini inaweza kuwa neva ya usikivu imepigwa, na dawa yake ambayo ni steroidi inasaidia zaidi ikianza siku za mwanzoni, wiki mbili zikipita nafasi inakuwa ndogo sana. Kuna kitu unaweza kujaribu ukiwa njiani kwenda hospitali, funga mdomo uvume "mmmm" kwa sauti ya chini. Mvumo ukisikika zaidi upande ulioziba mara nyingi ni kizuizi tu, nta au majimaji. Ukihamia upande mzima ndio tunaogopa neva. Lakini jibu lolote litakalotoka nenda tu, mwambie daktari siku na saa ulioamka hivyo, na omba upimwe usikivu.

SWALI: Shikamoo mama nesi. Naishi Ngarenaro, mwanangu wa miaka 4 sikio la kulia linatoa usaha unaonuka, likikauka wiki mbili linarudi, huu ni mwaka wa pili. Mama mkwe anasema ni mafua ya masika litakwisha lenyewe, anamwekea mafuta ya nazi ya uvuguvugu na kuna siku alimkamulia kitunguu. Sasa mwalimu wa chekechea ananiambia mtoto ni mkaidi hasikilizi, amemkalisha nyuma. Nifanyeje, na hayo mafuta nayaachishaje bila kumkosea mama?

JIBU: Marahaba mama. Mtoto wako sio mkaidi. Naomba hiyo umwambie mwalimu kabla ya kitu kingine chochote, kwa upole, kwa sababu mtoto akishabandikwa jina darasani kulibandua ni kazi.

Usaha ukizidi wiki mbili tunauita sugu, na hapo karibu kila mara ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba iliyotanda kati ya sikio la nje na la kati, inakuwa imetoboka. Sauti ikiingia inakuta ngoma ina tundu na nyuma yake kuna majimaji, inayopita ni kidogo. Yaani anakusikia kama vile wewe uko chumba cha pili na redio imewashwa, anajua mtu anaongea ila maneno hayashiki. Ukikaa karibu ukamwita anageuka, ukimwita akiwa anacheza hageuki, na hapo ndipo watu wazima wanapoona ni tabia.

Kwanini watoto sana? Kuna mrija mdogo unatoka sikio la kati unaishia nyuma ya pua, unaingiza hewa na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima umeinama, kwa mtoto ni mfupi na umelala, kwahiyo mafua yakija vijidudu vinapanda kirahisi. Ndio maana mtoto asinyweshwe chupa akiwa amelala chali, na moshi wa jikoni na wa sigara ni adui wa masikio yake, na ndio maana zile chanjo za kliniki, ya nimonia na ya surua, mimi naziita chanjo za masikio pia ingawa hazijaandikwa hivyo kwenye kadi.

Sasa mafuta, kitunguu, maziwa ya mama, mkojo, vyote nimekutana navyo kwenye masikio ya watoto. Ngoma ikiwa na tundu chochote unachomimina kinapita mpaka sikio la kati na kinaongeza unyevu ambao vijidudu vinautaka. Hata matone ya duka la dawa usinunue kwa kubahatisha, yapo ambayo sio salama kama ngoma imetoboka, ayaandike mtu aliyechungulia sikio.

Unachofanya nyumbani ni kukausha. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi kinafaa kabisa. Usitumie kijiti. Kata upana wa vidole viwili, sokota mpaka kipate ncha kama utambi wa koroboi. Nawa mikono. Mlaze mtoto ubavu mapajani kwako sikio likitazama juu, vuta sikio lake taratibu nyuma na juu ili njia inyooke, ingiza ncha pole pole bila kusukuma, iache kidogo inyonye. Ukiitoa utaona ncha ina rangi ya njano. Tupa, weka utambi mwingine, tupa, weka mwingine, mpaka utakaotoka uwe mkavu kama ulivyoingia. Siku ya kwanza unaweza kutumia sita au saba na mtoto akakasirika, siku ya nne utashangaa viwili vinatosha. Fanya mara 3 kwa siku. Usiache utambi wala pamba ndani, asiogelee, na ukimuogesha maji yasiingie sikioni.

Na hapo ndipo nakujibu la mama mkwe. Mwambie hivi, "mama, nesi ameagiza sikio likauke tu, na anataka mtu mzima mwenye mkono mtulivu asokote tambi." Mpe yeye kazi hiyo. Amekuwa akimimina mafuta kwa sababu anampenda mjukuu na anataka kufanya kitu, mpe kitu cha kufanya.

Kisha mpeleke kituo cha afya wiki hii, atapewa matone sahihi, na kama hakauki waombe rufaa ya hospitali ya Mount Meru au ya KCMC, Moshi, kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Sikio likishakauka apimwe usikivu, na tundu lisipoziba lenyewe kuna upasuaji wa kuziba ngoma. Kwa sasa mwalimu amweke mbele, sikio la kushoto limwelekee yeye. Ila ukiona uvimbe nyuma ya sikio mpaka sikio linasimama kwa mbele, au homa kali, anatapika, shingo ngumu, uso umepinda upande, usisubiri asubuhi, usaha umeanza kusambaa na kutoka hapo ubongo hauko mbali.

SWALI: Mambo dokta. Mi ni chalii wa Unga Limited, nachomelea mageti na grili mwaka wa sita sasa. Usiku nikilala masikio yanapiga ngiiiii kama transfoma, asubuhi inapungua. Wazee wa gereji wanasema kawaida utazoea. Mshkaji wangu ni mwanaapolo, mchimba madini, Mererani naye anasema hivyo hivyo. Naweka pamba, inatosha?

JIBU: Mdogo wangu, mi ni nesi sio dokta, na jibu ni hapana, pamba haitoshi. Na huko kuzoea wanakosema wazee ndio kupoteza usikivu kwenyewe. Grainda ni ileile na kelele ni ileile, kilichopungua ni sikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna chombo kimejikunja kama konokono na ndani yake kuna vinywele vidogo mno, kama 15,000 hivi kila upande, ndivyo vinavyogeuza sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Umeshawahi kupita West Kilimanjaro ngano ikiwa imekomaa upepo unavuma? Kelele inavilaza vile vinywele namna ile. Ikipita mara moja vinainuka, ndio maana asubuhi mlio wako unapungua. Ikipita kila siku miaka sita vinavunjika, na vikivunjika havioti tena, binadamu hatujaliwi vingine.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Kwa kazi, 85 mtu anaweza kukaa nayo masaa 8. Ikiongezeka desibeli 3 tu muda unakatika nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Grainda ikikata chuma inacheza kwenye 100, na karatasi ya bati ikitetemeka inazidi. Kwahiyo geti moja tu umeshamaliza posho ya kelele ya siku nzima na saa nne asubuhi haijafika. Kama huna kipimo tumia hiki, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mita moja na wewe akusikie, hapo ulipo masikio yanaumia.

Tafuta vizibo vya sponji, vinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini, au vile vya kuvaa kichwani kama hedifoni kubwa. Vya sponji watu wengi wanavivaa vibaya, wanavichomeka tu vinaning'inia nje alafu wanasema havifanyi kazi. Sokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu, ingiza haraka, shikilia kwa kidole mpaka uhesabu 30 ili kitanuke kikae. Ukiongea na sauti yako ikavuma kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Mikono iwe safi, hiyo vumbi ya chuma usiiingize ndani. Kikiwa kigumu au cheusi tupa. Na ukikata chuma chako kimoja kizima mwenzako aliyekaa pembeni akisubiri kupiga rangi naye anakula kelele ileile, mpe naye.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, sio wewe ujinunulie. Najua gereji nyingi ni za kwenu wenyewe na bosi ni kaka yako, lakini boksi moja la vizibo mkichangishana ni jambo la siku moja.

Mshkaji wako wa Mererani mwambie hali yake ni mbaya kuliko yako, kule chini mashine ya kutoboa mwamba inapiga ndani ya njia nyembamba, sauti haina pa kwenda inamrudia, na baruti moja ikimkuta karibu inaweza kupasua ngoma papo hapo. Asishuke bila kinga ya masikio.

Huo mlio sina kidonge cha kuufuta, na anayekuuzia kidonge anakudanganya. Ukipunguza kelele unaweza kutulia, usiku weka redio sauti ya chini sana, au feni, ukimya mtupu ndio unaupandisha. Ila kapime usikivu, kisa chako cha miaka sita kinahitaji grafu kwenye karatasi ili mwakani tujue kama umesimama au unashuka. Na mtu ambaye mlio wake uko sikio moja tu, au unadunda sambamba na mapigo ya moyo, huyo amuone daktari mapema.

SWALI: Dada habari, nasoma chuo hapa Moshi nakaa Pasua. Navaa iyafoni tangu naamka, kwenye hiace, nikisoma, mpaka nalala nazo. Simu huwa inaniletea onyo kwamba sauti ni kubwa nagusa sawa linaondoka. Ninayekaa naye anasema nitakuwa kiziwi. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Anakupenda huyo. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa, na kipimo chao ni hiki, desibeli 80 masaa 40 kwa wiki nzima, lakini ukipandisha mpaka 90 yanabaki masaa 4 kwa wiki. Simu nyingi ukiweka mwisho zinavuka 100, na hapo haifiki hata nusu saa ya wiki nzima. Kutoka Pasua kwenda chuo na kurudi umeshaimaliza Jumatatu.

Hiace ndio inakuponza. Injini, kondakta anaita abiria, redio ya dereva, wewe unapandisha ili wimbo wako uwashinde wote, alafu ukishuka ukaingia maktaba unasahau kushusha. Fanya hivi, weka sauti ukiwa chumbani pametulia, isizidi asilimia 60, na ukipanda gari usiiguse. Kama husikii wimbo, basi huo sio wakati wa wimbo. Zile hedifoni zinazofunika sikio lote ni bora kwa sababu zinazuia kelele ya nje huna haja ya kupandisha. Usilale nazo. Onyo la simu likija lisome, limehesabu masaa yako kweli. Mwenzako akikuita ukiwa umevaa hausikii kabisa, au ukivua masikio yanahisi yamefunikwa na blanketi, umeshapita mpaka.

Na kwa kuwa unakaa Moshi niseme la Desemba. Watu wakirudi nyumbani, kipaimara, sendoff na harusi zinapangana kila Jumamosi, spika zimesimama kama kabati na mtoto wa miaka mitatu amekalishwa mbele yake kwa kuwa pale ndipo pana nafasi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha, wastani usizidi desibeli 100. Kwenye kamati ya sherehe ninayoalikwa huwa nasimama nasema meza za watoto na za wazee zikae mbali na spika, na ninaomba nanyi mseme, fundi muziki hakasiriki akiambiwa mapema.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa tatu kwa baba, kwetu Kibosho. Baba ana miaka 71, siku hizi ukimuuliza hili anajibu lile, runinga anaweka sauti majirani wanasikia, kwenye kikao cha ukoo alikaa kimya mpaka mwisho. Kaka anasema mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Kifaa cha masikio hataki kusikia, anasema ni cha viziwi. Tumsaidieje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ungeweza kuwa unaandika kuhusu baba yangu mwenyewe.

Alikuwa na mashine ya kusaga unga Uru, zile za dizeli, zaidi ya miaka 20 anasimama nayo kuanzia asubuhi. Alipofika sitini na kitu akaanza kukaa pembeni. Tukisimulia jambo watu wakicheka yeye anacheka baadaye kidogo, akitazama nyuso zetu. Tukasema mzee amekuwa mpole, mama akasema amekuwa na kiburi. Mimi nilikuwa nesi tayari, nilikuwa nasafisha masikio ya watu kila siku, na nikija nyumbani sikuliona mpaka siku mjukuu wake mdogo alipoanguka nyuma yake akilia na yeye akaendelea kupogoa migomba hatua nne kutoka pale.

Usikivu wa uzeeni unaanza kuondoka na sauti nyembamba, na ndizo zinazobeba herufi kama s, sh, f, t, k. Irabu zinabaki. Mwambie baba "sita", "tisa", "fika", "pika", "shika", kwake yote yanabaki "i-a". Kwahiyo anasikia kwamba mnaongea, anajua sauti ya nani, na ndio maana anakataa kabisa kwamba hasikii, kwa sababu anasikia, ila anakisia maneno. Kukisia siku nzima kunachosha, ukikosea watu wanacheka, mwisho unaona bora kunyamaza. Kikao cha ukoo ni watu kumi wanaopokezana, hapo ndipo pagumu kuliko pote.

Kumbukumbu kaka yako asiipuuze, lakini masikio yapimwe kwanza. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2020 na tena 2024 waliuweka upungufu wa usikivu kati ya vihatarishi vya ugonjwa wa kusahau ambavyo vinaweza kushughulikiwa. Asiyesikia unaweza kumuona kama amesahau, na akikaa miaka bila kuongea na watu akili nayo inakosa kazi.

Nyumbani anzeni leo. Msimuite kutoka jikoni, nendeni mbele yake, mguse bega, uso uwe kwenye mwanga, semeni polepole kidogo kwa sauti ya kawaida. Msipige kelele, ukipiga kelele unakuza irabu ambazo tayari anazisikia na mdomo unapinda hawezi kuusoma. Asiposhika sentensi msiirudie ileile mara nne, isemeni kwa maneno mengine. Zimeni runinga mkiongea. Na tafadhali lile neno "basi, achana nayo" liondoke nyumbani kwenu, hilo linamuuma mzee kuliko mnavyojua.

Kupimwa mwambieni twende tukaangalie nta, na sio uongo, wazee wengi wana nta iliyoganda na ikitolewa tu wanapata nafuu. Kipimo chenyewe anakaa kwenye chumba kisichopitisha kelele na hedifoni, akisikia mlio anabonyeza kitufe, dakika kama ishirini amemaliza. Kama anahitaji kifaa, kiwekwe kwa kufuata grafu yake. Msimnunulie vile vya kukuza sauti vya barabarani, vinakuza kila kitu pamoja na sufuria na vinaweza kumuumiza. Wiki ya kwanza avae saa moja ndani ya nyumba na mtu mmoja, aongeze taratibu, kikao cha ukoo kije mwishoni kabisa. Wengi wanakitupa kabatini kwa sababu siku ya kwanza walipelekwa nacho sokoni Mbuyuni.

Baba yangu alipovaa chake siku ya kwanza alikaa kimya muda, alafu akamuuliza mama, "umeanza lini kuburuza ndala namna hiyo?" Mama alikuwa anaburuza ndala tangu nizaliwe.

SWALI: Pamba za vijiti ni sawa kusafishia? Na mdudu akiingia? (Wameuliza watu wengi, nimeziunganisha.)

JIBU: Hapana, wala njiti ya kiberiti, wala mfuniko wa peni, wala ufunguo wa toyo. Nta ni kinga na inatoka yenyewe, kijiti kinaisukuma ndani inaganda. Futa sikio la nje kwa kitambaa, basi. Ikiziba, hospitali. Mdudu hai akiingia weka matone ya mafuta ya kula yasiyo ya moto atulie, kisha nenda akatolewe, ila sio kwa mtu anayejua ngoma yake imetoboka. Harage au mahindi usiweke maji, vitavimba. Betri ndogo ya saa au ya mdoli ikiingia sikioni au puani kimbia saa hiyohiyo usiku au mchana, inaunguza.

SWALI: Nesi, mdogo wangu alichomwa gentamaisini akiwa mchanga, na mimi nilipotundikiwa kwinini masikio yalilia siku mbili. Hizi dawa zinaua masikio?

JIBU: Zinaweza. Kwinini mara nyingi mlio unaondoka dawa ikiisha. Gentamaisini na ndugu zake, streptomaisini, kanamaisini, amikasini, zinaweza kuua vile vinywele moja kwa moja. Hazitolewi ovyo, zinaokoa maisha ya vichanga, kwahiyo usimkatalie daktari, muulize dozi na siku ngapi, na mtoto akitoka apimwe usikivu. Kibaya ni kuchomwa kienyeji mtaani kwa sababu homa haijashuka. Wenye TB sugu zamani walichomwa sindano za kundi hili miezi mingi, wapo waliopona kifua wakabaki hawasikii. Mwongozo wa kimataifa umeshahamia kwenye vidonge, hivyo aliye kwenye dozi leo asikimbie matibabu kwa hadithi za waliotangulia.

SWALI: Mama, mwanangu ana miezi 10. Alizaliwa kabla ya wakati na akapata manjano, alikaa wodi ya vichanga. Mlango ukigonga hashtuki. Alianza kubwabwaja akaacha. Ndugu wa mume wanasema amefungwa, twende kwa mganga. Naogopa.

JIBU: Pole mama, na umefanya vizuri kuandika. Kuzaliwa kabla ya wakati na manjano kali ni sababu zinazojulikana za mtoto kuzaliwa au kubaki na shida ya kusikia, haikutoka kwa mtu. Na hiyo ya kubwabwaja akaacha ni ishara muhimu, watoto wote wanaanza, asiyejisikia ndiye anayenyamaza.

Usimpime kwa kugonga sufuria, mtoto anahisi mtikisiko na kuona kivuli cha mkono wako, anageuka unafarijika bure. Kuna kipimo cha mashine anafanyiwa akiwa amelala, haumii. Wataalamu wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, ajulikane kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6, kwahiyo tumechelewa kidogo lakini miezi 10 bado ni mapema sana, nimeona wanaoletwa na miaka 6.

Akikutwa anasikia kidogo atavalishwa vifaa hata umri huu. Akikutwa hasikii kabisa, Muhimbili wanapandikiza kifaa cha koklea, kile chombo cha ndani ya sikio kilichojikunja kama konokono, tangu 2017, na ipo Lugha ya Alama ya Tanzania ambayo wewe na baba yake mtaanza kujifunza naye, na ipo shule ya viziwi Mwanga hapa hapa mkoani Kilimanjaro. Lugha ndiyo asikose, iwe ya mdomo au ya mikono, kila mwezi unaopita bila lugha yoyote ndio hasara. Endelea kuongea naye uso kwa uso, umnyooshee kidole unachotaja, na chanjo ya surua na rubela aipate ya miezi 9 kama hajachomwa na ile ya miezi 18.

Jumatatu nenda KCMC, idara ya masikio, pua na koo. Beba kadi ya kliniki na karatasi za wodi ya vichanga, zile za kiwango cha manjano na dawa alizopewa. Mnyonyeshe alale ukiwa kwenye foleni, kipimo kinamtaka usingizini, na baba yake aje, majibu yasimkute mtu mmoja.